Ubao wa Nne

Haya nilisimuliwa na Somoe, mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa simu, siku ya pili ya Mfungo Tatu, baina ya adhuhuri na alasiri, nikiwa jikoni nachambua mchele. Miaka kumi na minne sikuwa nimeisikia sauti yake. Nikamuuliza uko wapi mwanangu, akasema tulia kwanza mama mkubwa, nianze asubuhi. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvua. Chumba cha pili alikuwamo Tufaha, binti yake niliyeachiwa akiwa na miaka mitano, anakunja nguo kwenye begi jipya. Alikuwa amepata kazi ya mbali, kazi gani hakutaka kunieleza, alisema nitajua akishafika. Nikataka kumwita aje asikie sauti ya mama yake. Somoe akasema usimwite, nisikilize wewe kwanza. Basi nikasikiliza, na ninayaandika kama alivyoyasema, ila pale aliposema "mimi" nimeandika Somoe. Mwenyewe aliniomba hivyo. Alisema ile "mimi" hana uhakika nayo tena.

Kulikuwa na yoti nyeupe, na ndani yake watu watatu. Wa kwanza Bwana Shekue, mwenye yoti, mzee mpole wa kuvaa soksi mbili mbili. Wa pili Msellem, nahodha. Wa tatu Somoe, anayepika, anayefua, na anayefunga kamba. Walikuwa kusini, kule ambako bahari imeingia ndani ya nchi kama vidole vinavyoingia kwenye nywele, huku mlima na huku mlima, na katikati maji meusi yasiyo na wimbi. Hakuna nyumba. Hakuna moshi wa mtu. Wametembea humo siku ngapi, Somoe hakujua kunambia, kwa sababu humo ndani kila siku iliitwa leo, na ikiisha haiitwi jana, inanyamaziwa tu.

Na mvua. Alinieleza mvua za huko kama mtu anayeeleza majirani zake. Ipo inayoshuka wima na kimya, ipo inayokuja ubavuni, ipo ile nyembamba usiyoisikia mpaka umelowa chupi, na ipo inayopanda kutoka kwenye maji kwenda juu, hiyo mbaya zaidi, kwa sababu hujui ujifunike wapi. Msellem alikuwa na maneno yake ya kuchekesha kuhusu hilo, akisema hapa mvua hainyeshi, hapa mvua inaishi, sisi ndio tuliokuja kuibishia hodi.

Siku Somoe alipopanda yoti, Bwana Shekue alimwomba pasipoti yake akaitia kwenye kopo la bati la biskuti, akamwambia wala usiwe na wasiwasi, tukifika mkono wa mwisho wa bahari hii nitakupa pasipoti yako na utashuka, utakwenda kwa mtoto wako. Ahadi hiyo ndiyo aliyokuwa akiishi kwayo. Kila asubuhi mzee alikuwa akitoka chumbani, anauangalia mlima kama mtu anayeangalia kiwanja chake kilichovamiwa, halafu anasema leo ndio mwisho. Na kila jioni ilipofika mlima ulikuwa umefunguka kidogo, na nyuma yake kuna mkono mwingine wa bahari.

Lakini asubuhi hiyo aliongeza neno. Alikunywa uji wake wa shayiri mpaka chini, akajifuta ndevu, akasema, "Leo tutatundika ubao, mpishi."

Somoe aliweka bakuli chini polepole. Desturi ya ubao aliijua, nahodha alikwisha kumweleza. Wanaofika mwisho wa mikono ile ya bahari huchukua ubao, huchonga majina yao na kazi zao, mwenyewe, nahodha, mpishi, kisha huupigilia kwenye mti ulio ufukweni ili mtu mwingine akija ajue kwamba walifika. Ubao hautundikwi njiani. Hutundikwa mwisho tu. Kwa hiyo mzee alipotaja ubao, Somoe alishika ukingo wa jiko. Akafikiri: Tufaha atakuwa na meno yote sasa. Kisha akafikiri: ana meno yote siku nyingi, mimi ndiye niliyekwama kwenye pengo lake la mbele.

Msellem akamletea ubao uliopigwa randa, na kisu cha ncha nyembamba. Somoe akakaa mlangoni mwa jiko, mahali ambapo mvua inamfikia miguuni tu, akaanza kuchonga.

Kuchonga jina si kazi ya haraka. Herufi ya wino unaiandika hujaifikiria, lakini ya kisu inakuuliza. Unakata, unapuliza, unakata tena, na muda wote huo uko ndani ya herufi moja kama mtu aliye ndani ya chumba. Alikaa ndani ya M ya Mwenyewe mpaka chai ya saa nne. Alikaa ndani ya S ya Shekue, na S za Somoe hulalia nyuma, tangu darasa la pili mwalimu alikuwa akimchapa kwa ajili hiyo, S inayolala kama mgonjwa kwenye machela. Akiinua macho anaona mlima, na kwenye mlima maporomoko ya maji yaliyogawika mawili kama miguu ya suruali. Anainama, anakata, anapuliza. Anainua macho, ile suruali inapita tena. Mara ya tatu akamwambia nahodha kwamba maporomoko yale wameyapita tangu asubuhi. Nahodha akasema ya huku yamezaliwa tumbo moja, usiyajali.

Juu ya maji walikuwapo bata wasioweza kuruka. Yoti ikiwakaribia hukimbia juu ya maji, wanapiga mbawa pande zote mbili, wanatimua povu, kama mwanamke aliyeona mvua na nguo zake ziko kambani. Wanakimbia kwa nguvu zote za roho zao, halafu wanasimama hapo hapo mbele kidogo, na yoti inawafikia tena, wanakimbia tena. Hawakujua kwenda pembeni. Somoe aliwatazama mpaka akaona haya.

Adhuhuri alimpelekea nahodha wali na samaki pale penye usukani. Akamkuta amekunja mikono kifuani, na usukani unazunguka wenyewe, kidogo kulia, kidogo kushoto, kama kichwa cha mtu anayekataa kwa adabu.

Akamuuliza nani anaendesha.

"Unajiendesha wenyewe, mama Tufaha," Msellem akasema, akipokea sahani. "Mimi nakaa hapa ili Bwana asione kiti kitupu. Na Bwana anakaa kule ili mimi nione kuna mwenye chombo."

"Na mimi?"

"Wewe unapika ili sote tujue kwamba siku imepita." Akaonja wali. "Leo umepita na chumvi nyingi kidogo."

Akacheka, na Somoe naye akacheka, kwa sababu ulikuwa mzaha na kwa sababu siku ile alikuwa na sababu ya kucheka. Lakini aliporudi jikoni yale maneno yalimfuata. Ni kitu gani kinachotupeleka, ikiwa mwenye chombo hapeleki, na nahodha hapeleki, na mashine haijui tunakokwenda? Alikuwa amezoea kufikiri kwamba juu yake yuko mtu aliyeamua, na hata alipomchukia mtu huyo usiku, chuki ile ilikuwa na pa kukaa, kama nguo inavyokuwa na msumari. Sasa alinyoosha mkono kuutafuta msumari ukutani, na ukuta ulikuwa laini.

Akachonga jina lake mwisho. Mpishi: Somoe. Akalipuliza.

Mchana wa huko hauishi mapema, jua halionekani lakini mwanga unakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mwanga ukiwa bado mwingi, mlima wa mbele haukufunguka. Walifika mahali palipofungwa kweli. Ukuta wa jiwe, na kwenye jiwe barafu ya samawati, na chini ya barafu ghuba ndogo ya mviringo kama sufuria. Mzee akatoka na mwavuli. Alisimama omoni, mbele kabisa ya chombo, akatazama ukuta ule kwa muda mrefu, hakufurahi, hakusikitika.

Katika ghuba zile nanga peke yake haitoshi. Upepo huanguka kutoka mlimani ghafla, wote kwa mara moja, kama gunia lililoteleza begani mwa mpagazi, na chombo kisichofungwa hutupwa mwambani. Kwa hiyo yoti hufungwa kwa kamba nne kwenye miti minne, na anayezipeleka kamba hizo ni Somoe, kwa kihori, akivuta makasia kinyumenyume, na kamba inamfuata nyuma majini kama mkia. Akafunga ya kwanza. Akafunga ya pili. Akafunga ya tatu akiwa amezama kwenye mwani mpaka kiunoni. Ya nne akaipeleka pamoja na ubao, nyundo na misumari kifuani ndani ya koti la mvua, kwenye mti mkubwa uliopinda ambao nahodha alimwonyesha kwa kidole.

Mti ule ulikuwa na mbao tayari. Mbao nne, moja chini ya nyingine.

Ule wa juu kabisa ulikuwa umeliwa na kuvu. Jina la mwenyewe halikusomeka, wala la nahodha. Chini yake lilibaki: Mpishi, Shekue.

Alilisoma mara mbili. Akamgeukia mzee kule omoni chini ya mwavuli, akageuka tena.

Ubao wa pili: mwenyewe ni jina la mtu asiyemjua. Nahodha, Shekue. Mpishi, Msellem.

Wa tatu alikuwa amekwisha kuujua kabla hajaufuta ukungu. Mwenyewe, Shekue. Nahodha, Msellem. Mpishi, Somoe. S zote zinalala nyuma. Mwandiko wake, kisu chake, na pale alipoteleza kidogo kwenye herufi ya mwisho, alipokuwa anawatazama bata, alama ya kuteleza ilikuwapo, na ndani ya alama ile kuvu imeota na konokono mdogo amelala. Akautoa ubao wa leo kifuani akauweka mbele yake. Ulilingana na ule wa mtini, mchoro kwa mchoro. Hakuogopa wakati huo, ndivyo alivyoniambia. Alihisi uchovu wa mtu aliyeambiwa kwamba nguo alizofua tangu asubuhi alikwisha kuzifua.

Halafu akausoma wa nne.

Huo ulikuwa mpya. Ulikuwa mweupe na unanuka maranda. Mwenyewe, Msellem. Nahodha, Somoe. Na mstari wa tatu uliandikwa kwa mkono mwingine, mkono mzuri, wa mtu aliyekaa shule kuliko yeye, herufi zimesimama wima, na F ina mkia uliovutwa chini na kukunjwa kama ndoano.

Mpishi, Tufaha.

Aliponieleza ile F niliacha mchele nikatazama mlango wa chumba cha pili, mpaka akaniuliza kama bado nipo. Yeye hakuujua mwandiko huo, angeujulia wapi. Mimi nimeweka sahihi madaftari ya mtoto yule kila muhula, na ile ndoano naijua. Nikamwambia nipo, endelea.

Alisimama na kamba ya nne mkononi. Nahodha alikuwa akimpigia kelele kutoka kwenye yoti kwamba afunge, upepo unakuja, na kweli juu ya barafu kulikuwa na vumbi jeupe linazunguka. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza tangu apande chombo kile alikuwa na kitu mkononi. Aiachie kamba ile, yoti igeuke, ziondoke zile tatu moja baada ya nyingine, chombo chende mwambani na mzee na soksi zake na nahodha na kopo la biskuti. Pasiwe na mwenyewe, pasiwe na nahodha, asiwepo wa kuhitaji mpishi. Aliifikiria hiyo yote mpaka mwisho. Na mwisho wake alijiona yeye amesimama chini ya mti ule, mvua inashuka wima na kimya, na hakuna njia, hakuna nyumba, hakuna moshi wa mtu, na jina lake liko mtini. Kamba ilikuwa imefungwa ncha zote mbili, ya kwake na ya kwao. Aliizungusha kwenye shina mara tatu akaifunga.

Upepo ukaanguka. Yoti ikalala ubavu, kamba nne zikalia kwa sauti moja, ikainuka.

Kisha akachukua kisu, akakipitisha nyuma ya ubao wa nne, akaung'oa. Misumari ilikuwa migumu ikamchana kiganja. Akauficha ndani ya koti. Ule wa leo akaupigilia juu ya mwenzake wa tatu, ukakaa kama kifuniko, tundu likakuta tundu, nyundo haikupata kazi.

Chakula cha jioni alipika supu ya dengu. Mzee alikula vizuri. Alipomaliza, Somoe hakuondoa bakuli. Alisimama pale pale akamwambia kwamba wamefika na ubao umetundikwa, sasa anaomba pasipoti yake.

Bwana Shekue hakubisha. Alinyanyuka, akalitoa kopo chini ya kitanda, akalifungua kwa vidole viwili. Halikuwa na kufuli hata siku moja. Ndani mlikuwa na pasipoti tatu na maji kidogo. Akachukua moja akajaribu kuifungua, kurasa zilikuwa zimegandana kama mkate wa kumimina ulioshika chini.

"Hii ni yangu," akasema. "Na mimi niliambiwa nitapewa mwisho. Aliyeniahidi akashuka kabla hajanipa, nikabaki na kopo." Akampa Somoe yake, kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Chukua, mwanangu. Ila sijui utashukia wapi."

Somoe aliishika. Pale penye picha palikuwa peupe, pameoshwa. Akamuuliza yule aliyemwahidi alishukia wapi yeye. Mzee akafikiri, kama mtu anayetafuta jina la mtaa aliokaa zamani. Akasema hakumwona akishuka. Asubuhi moja kitanda kilikuwa kitupu na soksi zilikuwapo, akazivaa juu ya zake kwa sababu ya baridi. Halafu akaaga, akajilaza na miguu yake minene, na kabla Somoe hajafika mlangoni mzee alikuwa anakoroma taratibu. Mwanga ulikuwa bado dirishani.

Jikoni Somoe alikuwa na jiko la chuma la kuni. Akafungua mlango wake mdogo akautia ubao wa nne ndani. Ukatoa mvuke, ukatoa povu kwenye ncha, haukushika. Akautoa, akakoleza moto, akautia tena. Ulikuwa unalia kama birika linalochemka, lakini hauwaki. Ulikuwa umelewa mvua ya miaka, japokuwa ulikuwa mpya.

Msellem aliingia kutafuta chai akamkuta amepiga magoti. Akaona alichokishika. Hakushangaa. Akavuta kigoda akakaa.

"Kwa hiyo umeuona," akasema.

"Nahodha, ulijua?"

Msellem akajimiminia chai. Alisema siku yake alipoleta kamba ya nne, akiwa bado mpishi, na yeye alikuta ubao mmoja uliozidi. Uliandikwa Mpishi, Somoe. S zinalala. Alidhani ni ubao wa watu wengine waliopita. Akafunga kamba akarudi kupika.

Somoe akahesabu kichwani. Wakati huo yeye alikuwa wapi? Labda alikuwa darasa la pili, anachapwa kwa ajili ya S. Labda alikuwa anaruka kamba uwanjani kwangu, na huku jina lake liko mtini linanyeshewa, na mtu amesimama mbele yake na kisu kiunoni.

"Ungeung'oa," akamwambia.

"Sikukujua, mama Tufaha. Lilikuwa jina tu." Akatazama kikombe chake. "Na wewe leo. Lingekuwa jina la mtoto wa mtu mwingine, ungeung'oa?"

Somoe alilitafuta jibu. Aliniambia analitafuta mpaka leo, na kwamba hilo ndilo lililomfanya apige simu, kwa sababu mwingine angemwuliza nani. Mchele ulikuwa umekwisha na nilikuwa nachambua ungo mtupu. Chumba cha pili nilisikia zipu ya begi.

Nahodha alimalizia chai, akasema ubao huo hautawaka, yeye pia alijaribu kuchoma wa kwake siku nyingi baadaye, alipokwisha kumjua Somoe. Alichukua kihori akauendea, akauweka motoni, ukalia hivi hivi, na asubuhi ukawa mtini. Alilisema bila kujitetea. Akasema pia, akiwa amesimama mlangoni, kwamba labda asubuhi huwa mtini kwa sababu mtu akilala anauacha peke yake. Yeye aliuacha kando ya jiko akaenda kulala. Hajui. Hakuna aliyejaribu vingine. Akakohoa, akaenda zake, na baada ya muda Somoe akasikia kitanda chake kikilia mara moja na kutulia.

Akabaki peke yake na mwanga usiokwisha na mvua ile nyembamba isiyosikika. Alitia kuni mpaka kuni zikaisha. Ubao ulikuwa wa moto, umekauka kidogo usoni, majina yote matatu yanasomeka vizuri kuliko mwanzo.

Basi akaufuta kwa kanga, akaenda nao kitandani kwake, kile kitanda chembamba nyuma ya jiko. Akatoa godoro akaliweka sakafuni. Akauweka ubao juu ya mbao za kitanda, uso wake juu, na akajilaza juu yake hivi hivi, kifua chini, mikono ameizungushia pande zote mbili. Ulimuumiza mbavu. Alijaribu kukaa macho. Alianza kuzihesabu herufi za jina la Tufaha kwa ngozi, ya kwanza hapa chini ya ziwa la kushoto, ya pili, ya tatu yenye ndoano, akaifuata ndoano ile ilivyoshuka na ilivyokunjwa, ndiyo mara ya kwanza anaugusa mwandiko wa mwanawe. Akarudi mwanzo akahesabu tena. Nje kamba nne zilikuwa zinalegea na kukaza. Aliifikia ndoano mara nyingi, na mara ya mwisho hakuvuka, akalala. Asubuhi aliukuta wapi, hakunambia.